Maji ya Kwanza

Mtaa wa madobi ulikuwa kwenye mteremko, na kabla ya ukame hakuna aliyeona faida yoyote ya mteremko huo. Ulichosha wakati wa kupanda na uliteleza wakati wa mvua, basi. Kila dobi alikuwa na bomba lake, hodhi lake la saruji na kamba zake za kuanikia, na kila mmoja aliyamwaga maji yake mtaroni bila kuuliza yanakwenda wapi. Kisha mvua zikakata. Bwawa lililolisha mji likashuka mpaka visiki vilivyozama zamani vikachomoza, kiwanda cha nguo kikafunga malango, umeme ukawa wa mgao, na mabomba yakabaki kukoroma tu, kama mzee aliyelala chali. Maji yakawa yanaletwa na lori, na bei yake watu waliitaja kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja ugonjwa mbaya.

Madobi wengi walifunga wakaenda kujaribu mengine. Waliobaki ni watatu, na chini kabisa ya mteremko alikuwepo Bibi Miche, ajuza mwenye mdomo mkali aliyeotesha miche ya mboga kwenye makopo na kuiuza kwa watu wenye vibustani vya nyumbani. Dobi wa juu kabisa aliitwa Theluji. Hakuna mtaani aliyewahi kuigusa theluji, lakini waliiona kwenye televisheni, na siku bwana huyu alipoanika shuka za hoteli kubwa jua likiwa kali, walilazimika kufumba macho wakipita. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na mama yake. Alifua nyeupe tu. Ukimpelekea shati la rangi alikutazama kana kwamba umemletea kuku amfue.

Aliyemfuata kwa chini alikuwa Mama Pacha, mjane, mfuaji wa nguo za rangi na sare za shule. Marehemu mumewe na Theluji walianza kazi pamoja wakiwa vijana, wakigombania pasi moja ya mkaa, kwa hiyo yeye na Theluji waliitana shemeji, na mabinti pacha wa marehemu walimwita Theluji baba mkubwa. Baada ya Mama Pacha alikuja Gereji, jitu la miraba minne lililofua ovaroli za mafundi wa magari, nguo ambazo zikivuliwa husimama zenyewe.

Wazo lilikuwa la Mama Pacha. Siku hiyo lori lilikuwa limechelewa, watu wamekaa vibarazani wameshika tama, naye akamwona Theluji akiinama kuzibua hodhi lake.

"Shemeji, hayo maji unayamwaga ya nini?"

"Nimeshamaliza kufua."

"Umemaliza wewe. Hayo uliyosuuzia shuka ni masafi kuliko tuliyokunywa utotoni. Yalete huku, nifulie sare. Nikimaliza nampa Gereji. Gereji akimaliza, Bibi anayachuja kwenye mchanga, anamwagilia."

Wote walicheka, na aliyecheka zaidi ni Theluji. "Basi na mimi nioge humo kwanza," alisema, "halafu tupikie chai!" Gereji alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini lori halikuja siku hiyo, wala kesho yake, na ilipofika keshokutwa hakuna aliyekuwa akicheka. Gereji alileta mipira mibovu ya maji kutoka kwa wateja wake, akaiunganisha kwa vipande vya bati na tairi. Mteremko ule waliokuwa wakiulaani ukawa ndio pampu yao. Theluji alifungua kizibo, maji yakashuka kwa Mama Pacha, kutoka kwake yakashuka kwa Gereji, na kutoka kwa Gereji yakafika kwenye mchanga wa Bibi Miche, na kila mtu alifua.

Wanasema binadamu ni mgumu kubadilika. Wanaosema hivyo hawajawahi kuishiwa maji. Hazikupita siku nyingi mpango ule ukawa kitu cha kawaida, kana kwamba babu zao walifua hivyo. Waosha magari wa barabara ya pili walikuja kutazama wakaiga, wafyatua matofali wakaiga, na mama mmoja mwenye saluni alikuja na binti zake watatu kuchungulia ile mipira. Watu walikubaliana zamu, walikubaliana nani atangulie na nani asubiri, wakachagua na mwenyekiti. Wakamchagua Theluji. Yeye alikuwa mkubwa wao kwa umri, na maji ya kwanza yalikuwa yake.

Na sheria aliitoa yeye mwenyewe. Alisimama kifua mbele, kidole juu, akasema ndani ya maji haya ni sabuni ya kipande tu. Dawa ya kung'arisha ni marufuku. Dawa ile huwezi kuiona ndani ya maji, lakini ikimkuta mwenzako wa chini na nguo za rangi imemmaliza. Atakayeitia, atoke kwenye mpango, na asiuziwe maji ya lori letu. Wakampigia makofi. Mama Pacha alipiga kwa nguvu kuliko wote, maana wa kumalizwa alikuwa yeye.

Sasa tumtazame huyu mwenyekiti wetu. Nguo nyeupe zinataka maji mengi. Zinataka kusuuzwa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kwa maringo. Kwa maji yale ya kupimiana, shuka zake zilitoka safi, ndiyo, lakini zilianza kuvaa rangi fulani ya jivu hafifu, rangi ya asubuhi yenye mawingu. Siku moja alipozipeleka hotelini, msimamizi wa vyumba, mama mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, alikunjua moja, akainyanyua kwenye mwanga, akasema, "Hm. Zimefifia hizi." Basi. Lakini Theluji alirudi nyumbani, na njia nzima alikuwa akilisikia lile "hm".

Alijiambia hoteli ikiondoka, amemwaga unga. Hilo lilikuwa kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine, ambayo hakujiambia, ni kwamba hakuweza kuvumilia watu wapite mbele ya kamba zake macho wazi.

Akanunua dawa mtaa wa mbali, akaihamishia kwenye chupa ya siki, akaiweka nyuma ya mifuko ya mkaa. Alfajiri, kabla mkewe hajaamka, alitia kifuniko kimoja tu ndani ya hodhi. Shuka zikachangamka kidogo. Kule chini hakuna aliyelalamika, ila Bibi Miche alinung'unika kwamba majani yanageuka manjano pembeni, na Bibi Miche alinung'unika tangu dunia iumbwe. Theluji akaona mbona haina madhara. Akatia vifuniko viwili. Kisha ikafika siku ya shuka zote za hoteli, wageni wengi wakitarajiwa, na siku hiyo alifumba macho akaiinamisha chupa.

Shuka zilitoka zinang'aa mpaka zinatisha. Mkewe alitoka nje na kikombe cha chai mkononi, akasimama. "Baba watoto," alisema, "leo umefua au umepaka chokaa?" Theluji akacheka. Alfajiri ile ile kizibo kilikuwa kimefunguliwa, na maji yalikuwa yameshashuka.

Mama Pacha alikuwa ameloweka masweta ya shule nzima, ya bluu iliyoiva. Alipoyatoa yalikuwa na mabaka mabaka ya rangi ya udongo mwekundu, mengine kifuani, mengine mgongoni, kama nguo zilizougua. Alisimama nayo mikononi maji yakimchuruzika miguuni. Hakupiga kelele. Alitoa moja akaliweka, akatoa jingine akaliweka, mpaka akamaliza, kisha akaketi juu ya ndoo.

Jioni walikutana uani kwa Theluji. Gereji alileta ovaroli zilizochujuka kama zimeachwa juani mwaka mzima. Bibi Miche alileta makopo ya miche iliyolala, akayapanga chini moja moja bila kusema, na kwa yeye kunyamaza hivyo, kila mtu alijua kazi ipo. Mwakilishi wa shule alikuja na hasira zake akaondoka nazo, na sare akaondoka nazo pia, akisema hazitarudi mtaa huu. Pacha wawili walisimama ukutani, wamevaa masweta yao yenye mabaka, kwa sababu hawakuwa na mengine.

Hesabu yao watu waliona ni rahisi. Miche imekufa, ovaroli zimechujuka, masweta yameharibika. Nguo za Theluji hazina hata doa. Basi dawa imeingilia wapi? Imeingilia kwa wa pili. Hakuna aliyekumbuka kwamba nyeupe haiwezi kuchujuka. Au labda kuna aliyekumbuka, akamtazama mwenyekiti alivyokaa na kanzu yake safi, akaona haya kufikiri vibaya.

"Mama Pacha," alisema Gereji, na sauti yake ilikuwa ya kuumia zaidi kuliko ya ukali, "labda kulikuwa na doa limekushinda, ukasema nitie kidogo. Sema tu. Tutaelewana."

"Sikutia kitu."

"Lakini dada, uharibifu umeanza kwako."

"Sikutia kitu," alirudia Mama Pacha. Kisha akageuza shingo, akamtazama Theluji. Akamtazama hivyo bila kupepesa.

Theluji alitoa leso akajifuta uso. Maneno yalikuwa yameshafika kooni. Yalikuwa machache tu: ni mimi, nisameheni. Aliona jinsi mkewe angegeuka. Aliona jina lake likivuliwa hadharani, watu wakipita mbele ya kamba zake wakitema mate. Akameza. Alichosema, kwa sauti nzuri ya uenyekiti, ni hiki: "Ndugu zangu, sheria tuliiweka wote. Tusirefushe. Tupige kura kwa mikono."

Mikono iliinuka kwa shida, mmoja mmoja. Wake aliuinua pia. Mwenyekiti hakulazimika kupiga kura, lakini aliogopa asipouinua mtu atajiuliza kwa nini. Na hapo ndipo aibu yenyewe ilipoanza, maana watu walimsifu. Walisema huyu ndiye kiongozi, hakumpendelea hata shemeji yake. Gereji alimshika bega akasema najua imekuuma, mzee. Naye akaitikia kwa kichwa, ndiyo, imeniuma.

Mama Pacha aliondoka kwenye mpango. Gereji akapanda nafasi ya pili, akaanza kupokea na nguo za rangi, na ile mipira ikafupishwa. Ajabu ni kwamba mtaa ulilizoea pengo la Mama Pacha upesi kuliko ulivyozoea uhaba wa maji. Siku chache watu walipunguza sauti wakipita kwenye hodhi lake kavu. Kisha mtu akaanika mkeka hapo. Kisha watoto wakaanza kuchezea humo. Mkewe Theluji, ambaye hakujua lolote, alisimulia habari ile dukani na sokoni akiikoleza chumvi kidogo kila safari, mpaka ikawa Mama Pacha alikuwa akitia dawa tangu mwanzo na ndiyo maana hata mumewe alikufa na hasira.

"Usiseme hivyo," Theluji alimwambia siku moja.

"Nisiseme nini? Si ulimhukumu mwenyewe?"

Alikwenda uani akajifanya anakaza kamba.

Chupa ya siki alishaitupa siku ile ile ya mkutano, na dawa hakuigusa tena. Alidhani hilo lingempunguzia mzigo. Lakini kila asubuhi pacha walipita wakienda shule na masweta yao ya mabaka, na mtoto aliyelelewa vizuri ni mtihani mkubwa kwa mtu mwenye hatia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, wanangu."

Alianza kuingia ndani akiona saa yao inakaribia. Mara nyingine alijificha nyuma ya shuka zilizoanikwa, mtu mzima na mvi zake, akichungulia miguu yao ikipita chini ya pindo. Wao waliiona miguu yake vilevile, wakasalimia shuka: "Shikamoo, baba mkubwa." Naye akaitikia kutoka nyuma ya shuka.

Shuka zenyewe sasa zilikuwa zimerudia rangi yake ya mawingu. Alizipeleka hotelini kama mtu anayejipeleka kituo cha polisi. Alikuwa ameandaa maneno ya kujitetea, ukame, lori, mgao wa umeme. Msimamizi alihesabu, akakunjua moja, akaikunja, akaziweka rafuni.

"Haya, asante."

"Mama, najua zimefifia, lakini..."

"Zimefifia nini? Nani anatafuta weupe siku hizi? Tumebandika tangazo vyumbani kwamba shuka ni safi ila hazing'ai, kwa sababu ya maji. Wageni wenyewe wamesifu. Wanaoga kwa ndoo, bwana, watalalamikia shuka?"

Theluji alishika meza. "Lakini siku ile ulisema. Uliinyanyua kwenye mwanga, ukasema zimefifia."

Mama yule alikunja uso akitafuta kumbukumbu, kisha akacheka. "Nilisema? Basi nilikuwa nasema tu. Siku hizo nilikuwa nagombana na mpishi kutwa, nilikuwa nanuna mpaka kwa vikombe. Kumbe uliliweka moyoni? Pole, baba."

Alitoka pale bila mkokoteni wake, mlinzi akamkimbilia kumrudishia. Njiani alikuwa akiongea peke yake. Nilikuwa nasema tu, alisema. Hoteli kubwa yenye zulia na lifti ilikuwa imeshabadilika, wageni wamebadilika, mji mzima umekubali rangi ya mawingu, na aliyekuwa bado anapigania weupe ni yeye peke yake, na kwa weupe huo ambao hakuna aliyeuomba alikuwa amemtoa kafara mke wa rafiki yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, ilikuwa imepasuka vya kutosha kwa ukame, na hakuna ufa uliomtosha.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Pacha, ambaye sasa alipiga pasi nguo za watu nyumba kwa nyumba, na akirudi alimalizia zilizobaki chumbani kwake. Alimkuta anapepea mkaa wa pasi mlangoni. Pasi ilikuwa ile ile waliyogombania na marehemu.

"Karibu, shemeji," alisema. Hakumpa kigoda.

Theluji alisimama, kofia mkononi. Alikuwa amepanga kuanzia mbali. Ikatoka yote kwa mkupuo: "Dawa niliitia mimi."

Mama Pacha aliendelea kupepea. Cheche ziliruka, akazikwepa.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mikono yangu ina nyufa, itazame. Miaka yote hii kwenye sabuni. Nilipoitumbukiza asubuhi ile kabla sijatia sabuni yangu, maji yaliteleza na nyufa zikawaka moto. Nikasema hm, kwa shemeji leo kuna jambo. Lakini nikasema si yeye. Mwenye sheria hawezi kuwa yeye. Nikaloweka. Hilo ndilo kosa langu, niliyaamini maji yako kuliko mikono yangu."

"Kwa nini hukusema mkutanoni?"

Hapo ndipo aliweka pepeo chini, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Niseme mimi? Wewe mwenyekiti, shuka zako zinawaka, mimi mjane na masweta yangu ya mabaka, nani angeniamini? Wangesema amekosa la kusema, sasa anamchafua mzee wa watu. Nilikutazama, shemeji. Nilikutazama mpaka shingo ikauma. Ukatoa leso, nikasema sasa anasema. Ukafuta uso, nikasema haya, sasa. Ukasema tupige kura." Alinyanyua mkono wake juu. "Kura ningekusamehe. Ule mkono wako je? Nani alikuomba uuinue?"

Theluji alilia. Hakulia kwa heshima, alilia kwa kamasi, na leso hakuthubutu kuitoa. Mama Pacha alimwacha alie. Alifungua pasi, akapanga mkaa, akafunga.

"Nitawaambia kesho," alisema Theluji.

"Waambie au usiwaambie, hilo ni lako. Mimi nina nguo za watu hapa."

Usiku huo alimwambia mkewe kwanza. Mkewe hakumpigia kelele kama alivyotarajia. Alikaa kitandani ameshika kichwa, akarudia tu, "Na mimi nilivyosema sokoni. Mimi nilivyosema sokoni." Akageukia ukuta.

Asubuhi, lori lilipofika na watu wote wamekusanyika na ndoo, Theluji alipanda juu ya ukingo wa hodhi lake. Ikabidi ajikaze kisabuni. Alisema yote, chupa ya siki, vifuniko, na ule mkono. Alipomaliza, dereva wa lori alizima injini. Gereji alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa akikumbuka, bila shaka, jinsi alivyomshika bega. Kisha aliondoka kwa hatua zake kubwa kuelekea kwa Mama Pacha, akirudi nyuma kidogo kila hatua chache kama mtu anayeogopa kufika.

"Basi atoke," alisema Bibi Miche. "Sheria ni yake."

Mama Pacha alipokuja, watu walimpisha njia. Wengine walijaribu kumshika mkono, akawapa ncha za vidole. Walimwomba radhi kwa pamoja na kila mmoja peke yake, na wote walitazama chini, maana kila mmoja alikuwa na mkono wake wa siku ile. Walimwambia Mama Pacha kwamba Theluji anaondoka, na nafasi ya kwanza sasa ni yake.

"Ya kwanza naichukua," alisema. "Lakini huyu haendi popote. Akikosa maji atakula nini, na mkewe? Mtu mmoja akitolewa mmeshaona inavyokuwa, mnaanika mikeka." Akawageuzia macho wote, halafu akamtazama Theluji. "Akae mwisho, juu kidogo ya miche ya Bibi. Afue magunia na mazulia. Atumie nitakachomletea."

Hakuna aliyepinga. Ikawa hivyo. Shuka za hoteli zilihamia kwa Mama Pacha, na msimamizi wa vyumba hakuuliza hata kwa nini dobi amebadilika. Theluji alibeba kamba zake akashuka mteremko mzima mchana kweupe, watu wakimwona, akazifunga upya karibu na makopo ya Bibi Miche, kando ya hodhi lililoachwa na dobi mmoja aliyehama. Wapo walioanza kumwita Tope. Aliitika.

Siku ya kwanza ya mpango mpya alisubiri kwenye hodhi lake la chini na gunia la viazi begani. Juu kule Mama Pacha alisuuza shuka zake taratibu. Aling'oa kizibo. Maji yalishuka kwa Gereji, yakakaa, yakapigwa na ovaroli, yakashuka tena, mazito, ya rangi ya chai iliyochacha, yakajaa mbele ya Theluji mpaka magotini.

Aliinama. Kabla hajajua anafanya nini, mkono wake ulikuwa umeshachota maji kidogo, na ameshayaleta puani, ananusa.

Hayakuwa na harufu ya dawa, ila ya sabuni na grisi. Aliponyanyua uso, mtaa mzima ulikuwa umesimama. Gereji ameacha kukamua. Bibi Miche ameshika kopo hewani. Na juu kabisa, kando ya hodhi lililokuwa lake, Mama Pacha alikuwa bado ameshika kizibo, anamtazama.

"Yananuka, shemeji?" aliuliza kutoka kule juu, bila ukali wowote.

Maji yalimvuja Theluji kati ya vidole mpaka yakaisha kiganjani.

"Hayanuki," alisema.

"Haya."

Alitumbukiza gunia, akatumbukiza na mikono mpaka viwikoni, akaanza kufikicha, wala hakuinua tena uso mpaka maji yote yalipokwisha kushuka kwenye mchanga wa Bibi Miche.